Kupika Kombe Nyumbani: Kuanzia Kuwachagua Hadi Mchuzi wa Mwisho

Kombe hukaa motoni kwa dakika chache tu. Kazi yenyewe iko kabla ya hapo: kuwatambua walio hai, kuwatapisha mchanga na kuwasugua magamba. Anayeruka hatua hizi hupata sahani nzuri ya kutazama ambayo hakuna mtu mezani anayetaka kijiko cha pili, maana punje moja ya mchanga kwenye jino inatosha kumharibia mtoto hamu ya kombe kwa miaka. Anayezifuata hahitaji ufundi mwingine wowote jikoni.

Mwongozo huu unahusu kombe wa magamba mawili wanaouzwa wakiwa hai. Wa kopo na wa barafu nitawagusa baadaye, kwa ufupi, kwa sababu hawana mengi.

Kwanza, elewa gamba linavyofanya kazi

Magamba mawili ya kombe yameungana kwa nyuma kwa kano inayonyumbuka. Kano hiyo muda wote inayasukuma yafunguke, kama springi iliyobanwa. Kinachoyafunga ni misuli miwili iliyo ndani, mmoja kila upande, na misuli hiyo hukaza kombe akiwa hai tu.

Ukishalishika hilo, kanuni nyingi za kombe zinajieleza zenyewe. Kombe akifa, misuli hulegea, kano inashinda, gamba linaachama. Kombe akiwa sufuriani, joto likiifikia misuli, misuli inaachia gamba na mdomo unafunguka. Kwa hiyo gamba lililo wazi kwenye bakuli ni habari mbaya, na gamba lililo wazi kwenye sufuria ni habari njema. Gamba linalojifunga ukiligonga maana yake kuna mwenye nyumba ndani.

Kwa nini tunasisitiza awe hai? Kombe hula kwa kuchuja maji, na kila kilichomo ndani ya maji hayo hupita mwilini mwake, bakteria wakiwemo. Akifa, bakteria hao huongezeka kwa kasi, na huwezi kujua amekufa saa moja iliyopita au tangu jana.

Kununua

Kwa mlo ambao kombe ndio kitoweo chenyewe, hesabu nusu kilo kwa kila mtu mzima, pamoja na magamba. Inaonekana nyingi, lakini uzito mkubwa ni wa gamba na maji. Nyama ni robo ya uzito huo au pungufu. Ukiwachanganya na tambi au supu ya viazi, gramu 250 hadi 300 kwa mtu zinatosha. Watoto wadogo wape nusu ya hapo.

Chagua wanaolingana ukubwa. Watu wengi hulipuuza hili, wakati ndilo linaloamua kama sufuria nzima itaiva pamoja: wadogo hufunguka mapema na kukauka wakiwasubiri wakubwa. Wadogo hadi wa kadiri, wa upana wa sentimita nne au tano, ndio wa kupika na magamba yao. Wakubwa sana nyama yao ni ngumu, hao wakatekate wawe wa supu.

Inusa. Kombe wazima wananukia bahari, basi. Ukisikia harufu kali inayochoma pua au ya kuoza, ondoka. Muulize muuzaji walivuliwa wapi na lini. Katika nchi nyingi mifuko ya kombe hutoka na lebo yenye eneo walikovuliwa na tarehe, na muuzaji makini hatasita kukuonyesha.

Na wa kuokota mwenyewe ufukweni? Okota pale tu ambapo mamlaka ya uvuvi au afya imeruhusu, na ulizia hali ya siku hiyohiyo. Kuna mwani mdogo sana wa majini, usioonekana kwa macho, ambao ukichanua kwa wingi hutoa sumu inayokusanyika ndani ya kombe. Sumu hiyo haina harufu, haina ladha, haimdhuru kombe mwenyewe, na kupika hakuiondoi hata ukichemsha saa nzima. Wala usitegemee rangi ya maji: yanaweza kuwa masafi kabisa. Mtu akianza kusikia ganzi au mchonyoto kwenye midomo na ulimi baada ya kula, mkimbizeni hospitali. Msisubiri kuona kama itapita.

Kuwafikisha nyumbani na kuwahifadhi

Kombe wanahitaji ubaridi na hewa. Ukifika, watoe kwenye mfuko wa plastiki, kwani ndani ya mfuko uliofungwa hukosa hewa wakafa. Waweke kwenye bakuli pana, wafunike kwa kitambaa kibichi kilichokamuliwa vizuri, kisha waingize sehemu ya chini ya friji. Joto la friji lisizidi nyuzi 4 za Selsiasi.

Usiwaloweke kwenye maji ya bomba wakisubiri kupikwa. Maji yasiyo na chumvi huwaua. Hata barafu, ukiitumia, hakikisha inayeyukia mahali pengine na kombe hawakai ndani ya maji yake.

Wapike siku hiyohiyo ukiweza, kesho yake ukishindwa. Zaidi ya siku mbili sishauri.

Kuwachambua

Wamwage kwenye sinki na uwapitie mmoja mmoja. Ni kazi ya dakika kumi, na mtoto mkubwa anaweza kukusaidia vizuri sana, kwani wengi hufurahia kuona gamba likijifunga.

Aliyevunjika au mwenye ufa, tupa. Aliye wazi, mgonge kwa kidole au mgonganishe na mwenzake, kisha mpe dakika moja au mbili. Kombe waliotoka kwenye friji huwa wazito kuamka, hivyo usiwe mwepesi wa kuhukumu. Akijifunga, hata polepole, yuko hai. Akibaki ameachama, tupa.

Yupo mwingine anayewaponyoka wengi: kombe mfu aliyejaa tope. Gamba lake limefunga, anaonekana mzima kabisa, na kwenye sufuria atafunguka na kumwaga tope jeusi juu ya kitoweo chote. Ili kumkamata, mshike kati ya kidole gumba na cha shahada, kisha jaribu kusugua gamba la juu likienda upande na la chini upande mwingine. Kombe hai hatikisiki, misuli imekaza. Mfu mwenye tope, magamba yanateleza, na mara nyingi utahisi ni mzito kuliko wenzake. Fanya hivi hata kama umechoka. Mmoja tu wa aina hii anatosha kuharibu kilo mbili.

Tofauti ni wale wenye gamba jembamba na mrija mrefu unaochungulia nje. Hao kwa maumbile hawafungi kabisa. Wao waguse mrija: ukinywea, wako hai.

Kuwatapisha mchanga

Hapa ndipo pa kutulia. Kombe huishi wamefukiwa mchangani na ndani yao mna mchanga ambao kusugua gamba hakuutoi. Lazima wauteme wenyewe, na watautema tu wakijihisi wako baharini.

Tengeneza maji ya chumvi: gramu 30 hadi 35 za chumvi kwa kila lita moja, yaani takriban vijiko viwili vya chakula vya chumvi laini. Huo ndio ukali wa maji ya bahari. Ukiweka chumvi pungufu mno, kombe hufunga milango na kukaa kimya. Koroga mpaka chumvi yote iyeyuke. Klorini ya maji ya bomba nayo huwasumbua, kwa hiyo ukiweza tumia maji yaliyolala wazi usiku kucha, au ya chupa. Yawe baridi, lakini si ya barafu.

Chombo kiwe kipana, na kombe walale safu moja, si lundo. Chini yao weka waya wa kupozea keki au kichungio kilichopinduliwa, ili mchanga ukitemwa uzame chini badala ya kuvutwa tena. Maji yafike kiasi cha kuwafunika tu. Yakiwa na kina kirefu na kombe wamesongamana, hewa iliyomo huisha. Funika kwa kitambaa au sinia kupata giza, na weka mahali penye ubaridi. Kufunika kuna faida nyingine: baada ya muda utawaona wametoa mirija miwili midogo, na kupitia hiyo hurusha maji hadi ukutani.

Waache saa moja hadi mbili. Chungulia chini: ukiona mchanga mwingi, badilisha maji ya chumvi uwape saa nyingine. Wale ambao muuzaji amekwisha kuwatapisha wanaweza kutosheka na nusu saa. Kuwaachia usiku kucha kwenye maji yaleyale si wazo zuri, maana hewa ikiisha wanakufa.

Ushauri wa kuwanyunyizia unga wa mahindi ili "wauteme mchanga" umezagaa. Sioni haja yake. Maji ya chumvi ya kipimo, giza na muda vinatosha, na unga huchafua maji.

Wakimaliza, watoe kwa mikono au upawa wenye matundu, ukiwainua juu. Usimwage chombo kizima kwenye chujio: utakuwa umewamwagia mchanga wote walioutema. Kisha wasugue magamba kwa brashi ngumu chini ya bomba, haraka haraka, mpaka gamba lisiwe na utelezi wala matope.

Kupika: pishi la msingi

Ukilijua hili moja, mengine yote ni matawi yake. Kwa watu wanne:

- kombe kilo 2, waliotapishwa na kusuguliwa
- mafuta ya zeituni vijiko 2 vya chakula
- kitunguu maji 1, kilichokatwa vipande vidogo
- punje 5 za kitunguu saumu, zilizokatwa vyembamba
- maji mililita 200
- siagi kijiko 1 cha chakula
- limau 1, giligilani iliyokatwa, pilipili manga

Chumvi haimo, na si kwamba imesahaulika. Kombe wakifunguka humwaga maji ya bahari waliyokuwa nayo, na ndiyo chumvi yako. Onja mwishoni kabisa; mara nyingi hutahitaji hata chembe.

Tumia sufuria pana kuliko ndefu, yenye mfuniko unaobana. Kombe wasizidi nusu ya sufuria, la sivyo wa juu watakosa mvuke na nafasi ya kufunguka. Ukiwa na sufuria ndogo, pika kwa mafungu mawili.

Kaanga kitunguu maji kwa mafuta kwa moto wa wastani hadi kilainike, tia kitunguu saumu, koroga nusu dakika bila kukiacha kigeuke kahawia. Mimina maji, ongeza moto hadi yatokote kwa nguvu. Sasa waingize kombe wote kwa mpigo, funika, moto uwe mkali.

Sikiliza. Mwanzoni ni mtokoto wa maji tu. Baada ya dakika mbili tatu utaanza kusikia magamba yakigongana, ndio wanafunguka. Ishike sufuria pamoja na mfuniko, itikise mara moja ili wa chini wapande juu. Kati ya dakika ya nne na ya sita wengi watakuwa wazi.

Hapa wapishi hutofautiana. Wengi wa mahotelini humtoa kombe mara tu anapofunguka ili nyama ibaki laini. Kwa chakula cha familia, chenye watoto na pengine wazee, sikubaliani nao. Gamba linaweza kufunguka kabla nyama ya ndani haijapata joto la kutosha. Virusi vya kuharisha na kutapika vinavyobebwa na kombe vinastahimili moto mdogo, na virusi vya homa ya ini aina ya A pia. Mwaka 1988 mjini Shanghai, China, watu wapatao 300,000 waliugua homa hiyo ya ini kwa kula kombe wa maji machafu waliokuwa wabichi au nusu mbichi. Kipimo kinachotumika viwandani kuviangamiza virusi hivyo ni nyama ya ndani kufikia nyuzi 90 za Selsiasi kwa sekunde 90.

Basi fanya hivi: wengi wakishafunguka, rudisha mfuniko na uhesabu dakika tatu zaidi, maji yakiwa yanatokota. Nyama itakaza kidogo, ni kweli. Kwa kombe wadogo na wa kadiri haitakuwa mpira. Ila dakika kumi zaidi ya hapo, itakuwa.

Wale waliobaki wamefunga, warudishe peke yao kwa dakika mbili. Wasipofunguka, tupa. Wapo wanaosema kombe aliyekataa kufunguka huenda ni mzima, misuli yake imeng'ang'ania tu, na kisayansi si uongo. Lakini kati ya kilo mbili utapoteza wawili au watatu. Hakuna sababu ya kubishana nao kwa kisu mbele ya watoto.

Toa kombe kwa upawa wenye matundu uwaweke kwenye bakuli kubwa na ufunike. Mchuzi uliobaki uache utulie dakika moja, kisha uchuje kwa kitambaa safi cha pamba, ukiacha tope la chini kabisa bila kulimwaga. Hata waliotapishwa vizuri huacha punje kadhaa. Vitunguu vitakavyobaki kwenye kitambaa, kama ni visafi, rudisha. Kama vina mchanga, viache viende. Rudisha mchuzi jikoni, yeyusha siagi ndani yake, onja, kamua limau, mwagia kombe, nyunyizia giligilani na pilipili manga. Mkate wa kuchovyea mchuzi ni lazima, na kila mtu awe na bakuli tupu la magamba pembeni.

Spageti na kombe

Pika kombe kama hapo juu kwa kilo moja na robo, chuja mchuzi, na uwatoe nusu ya kombe kwenye magamba. Chemsha spageti gramu 400 kwenye maji yenye chumvi kidogo kuliko kawaida, kisha itoe dakika mbili kabla ya muda ulioandikwa kwenye pakiti. Imalizie kuiva ndani ya mchuzi wa kombe kwa moto mkali, ukigeuza bila kupumzika, mpaka mchuzi ushike kwenye tambi. Kombe waingie mwisho, wapate joto tu. Jibini usitie, inafunika ladha uliyoihangaikia.

Supu nzito ya viazi na kombe

Hii ndiyo ya watoto wasiopenda kushika magamba, na ndiyo ya kombe wakubwa.

Funguisha kilo moja na nusu ya kombe kwa mililita 300 za maji, kwa utaratibu uleule wa dakika za nyongeza. Chuja maji na uyahifadhi, toa nyama na uikatekate. Kombe wenye mrija mrefu, menya ile ngozi nyeusi ya mrija kwanza. Katika sufuria nyingine yeyusha gramu 30 za siagi, kaanga kitunguu na mashina mawili ya seleri hadi vilainike, tia vijiko viwili vya unga wa ngano na ukoroge dakika moja. Mimina maji ya kombe kidogo kidogo ukikoroga, ongeza maji ya kawaida mpaka yote yafike mililita 700, kisha tia nusu kilo ya viazi vilivyokatwa vipande vidogo. Vikilainika, ponda vichache kwenye ukuta wa sufuria ili supu iwe nzito.

Punguza moto kabisa kabla ya kutia mililita 400 za maziwa. Ukiyaacha yachemke kwa nguvu hukatika. Supu ikipata moto na kuanza kufuka, rudisha nyama ya kombe, subiri dakika mbili, epua. Onja chumvi sasa, si kabla.

Supu hii ndiyo mahali pazuri pa kombe wa kopo. Hao wameshaiva kiwandani, kwa hiyo waingie mwishoni vilevile, na maji ya kopo yatumie badala ya maji ya kombe baada ya kuyaonja kwa chumvi. Wa barafu waliokwisha kupikwa wayeyushe kwenye friji, si juu ya meza, na usiwagandishe tena.

Nani awe mwangalifu

Wajawazito, watoto wadogo, wazee, wenye ugonjwa wa ini na wale ambao kinga yao ya mwili ni dhaifu wasiguse kombe mbichi au nusu mbichi kwa namna yoyote. Limau haliivishi, linabadilisha tu sura ya nyama.

Mtoto anayeonja kwa mara ya kwanza apewe kidogo na uangaliwe mwili wake. Midomo kuvimba, vipele au kupumua kwa shida ni dalili za mzio, na kupumua kwa shida ni safari ya hospitali papo hapo. Mwenye mzio wa kamba si lazima awe na mzio wa kombe, lakini amuulize daktari kabla ya kujaribu. Wa chini ya miaka minne wakatie nyama vipande vidogo, kwani kombe mzima huteleza na anaweza kukwama kooni, na pitisha vidole ndani ya sahani yao kutafuta vipande vya gamba.

Vilivyobaki

Visikae mezani zaidi ya saa mbili. Toa nyama kwenye magamba, iweke ndani ya mchuzi wake kwenye chombo chenye kifuniko, ingiza friji, na mle ndani ya siku mbili. Ukiipasha, mchuzi utokote kwanza peke yake, kisha nyama iingie mpaka iwe moto hadi ndani. Kwenye mchuzi huohuo nyama huweza pia kugandishwa hadi miezi mitatu. Acha nafasi ya vidole viwili juu ya chombo kwa sababu mchuzi hutanuka ukiganda. Mchuzi ukibaki bila nyama, ugandishe kwenye trei ya barafu. Vipande viwili vinatosha kukoleza sufuria ya supu ya samaki, ila punguza chumvi ya supu hiyo kwanza.